Litania Bila Pinde

Mutoto mwanamuke akiolewa, mama yake hasumbuki kichwa. Anamupa kitanda, sufuria, matandiko, kuku wawili wenye kelele, na maneno ya kuvumilia. Lakini akisema anaenda kwa Mungu, anakuwa masere, sista wa nadhiri, utamufungia nini kwenye mufuko? Kule hawataki sufuria yako. Wana zao.

Yaya Colombe, dada yangu mukubwa, alikuwa na kitu kimoja cha kumupa Fabiola wake, nacho ni sauti. Musicheke. Wenye walianza kuja misa juzi hawawezi kujua. Colombe akiimba zaburi pale parokia, wauza ndizi wa njiani walikuwa wananyamaza, na nilishaona pasta wa kanisa lingine anasimama chini ya dirisha letu, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mimi ni mudogo wake na wivu ninao, lakini ukweli ni ukweli. Fabiola alipoingia novisia, ile nyumba ya kujifunza umasere, alimuomba: "Maman, siku ya nadhiri za milele nitalala kifudifudi mbele ya altare. Wewe ndiye utaniimbia Litania ya Watakatifu." Colombe akakubali, akaapa. Baba ya mutoto alikufa zamani, hakuna mwingine wa kumusindikiza. Na baada ya nadhiri masere wanamutuma Kameruni, na Kameruni si Kavumu, kwamba utapanda basi asubuhi urudi jioni.

Kisha rovu likamushika, ule uvimbe wa kooni. Daktari aliutoa, na tunamushukuru, maana ulikuwa unamunyonga. Lakini Colombe alipofungua mudomo baada ya bandeji kutoka, sauti yenye ilikuja haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, imejaa pumzi. Mutu akikohoa karibu naye, imeshapotea.

Yeye anaishi kwangu hapa Bukavu, Nyalukemba, na orkesta yetu inafanyia mazoezi kwenye salon yangu. Ndiyo, orkesta. Ni ndogo: violoni chache, selo mbili, na kontrabasi ya Willy yenye inachukua fasi ya watu watatu. Mimi ninapiga selo, ile violoni kubwa yenye unaibana kwa magoti. Mwenye kutuongoza ni Papa Constantin, anafundisha latini na muziki kwenye koleji moja. Ni mutu wa koti hata jua likiwaka, mutu wa kufuta kiti kabla ya kukaa. Alituandikia ile litania kwa mukono wake. Colombe anaita jina la mutakatifu, watu wanaitika "utuombee", na sisi chini yake tunavuta pinde juu ya nyuzi polepole, sauti ndefu zenye hazikatiki, zinajaza nyumba toka sakafu mpaka kwenye bati. Ilikuwa nzuri ya kufa. Shida ni kwamba Colombe alikuwa humo ndani na hatukumusikia.

Mwanzo wa ile juma ya feti, sikukuu ya nadhiri, Papa Constantin akasimamisha kifimbo chake.

"Maman Colombe," alisema, na alisema kwa heshima, sitamusingizia, "sauti yako tunaitafuta."

"Iko hapa," Colombe akajibu.

"Iko, lakini pinde zinaimeza. Nikiwaambia wapige chini zaidi, zinaanza kukwaruza. Mikrofoni tulijaribu, ukasikia mwenyewe."

Tulisikia wote. Kwenye mikrofoni ile pumzi yake ilitoka kama mutu anapuliza moto wa makala.

"Lucie ataimba," akasema Papa Constantin. "Wewe utakaa mbele kabisa, fasi ya mama."

Lucie ni binti wa sauti nzuri, na moyo wake pia muzuri. Aliangalia viatu vyake. Colombe alikaza kitambaa cha shingoni, kile cha kufunika kovu, akaenda jikoni kuchambua maharagi. Hakulia. Heri angelia! Tangu saa ile aliacha hata kuimba akifua nguo, na nyumba yangu ikawa baridi. Mimi niligombana na kila mutu, mpaka na fundi wa bomba la mayi mwenye hakuwa na kosa lolote.

Na Fabiola hakujua kitu. Alikuwa kwenye mafungo, hakuna simu, hakuna kutembelewa. Angelala pale chini, anangoja sauti ya mama yake, na ingekuja ya Lucie. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma.

Ijumaa, kesho yake feti, nilitoka kazini mapema. Ninafanya kazi dispansari. Pinde na violoni zote zilikuwa zimebaki kwangu, kwa sababu nyumba ya masere iko karibu. Nafungua mulango wa parseli, ua wetu, naona nini? Pinde zote za orkesta zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, zimebanwa na vibanio, kati ya libaya langu la kitenge na soksi za bwana wangu. Zinang'aa. Na chini yake Charlène, ameshika kitana, anatabasamu.

Charlène ni mutoto wa shangazi yetu, anasuka nywele kule Kavumu, na anasuka vizuri, nisimunyime haki yake. Alikuja kusuka wanawake wote wa jamaa kwa ajili ya feti. Alipomaliza vichwa, mikono ikaendelea kumuwasha. Akafungua masanduku ya violoni. Akaona zile nywele ndefu nyeupe kwenye pinde, zimejaa unga.

"Yaya Lydie, pole, lakini si vizuri," ananiambia. "Munaacha nywele zinakuwa na mba hivi, na kesho ni siku kubwa? Nimeziosha, nimezirudilia kuosha. Nimezipaka mafuta yangu mwenyewe, yale ninawekea maarusi. Angalia vile zinalala!"

Zililala kweli. Ule unga, ndugu, haukuwa mba. Ni kolofoni, utomvu wa muti wenye umekauka ukawa jiwe. Tunausugua kwenye nywele za upinde ili zikamate uzi. Bila ule unga upinde unateleza, na uzi hausemi kitu. Na mafuta ndiyo adui yake.

Nilisema maneno yenye hayafai kwa mutu anajitayarisha kwa misa. Jirani walifunga madirisha.

"Si ni nywele?" Charlène analia.

"Ni nywele za farasi!"

"Sasa farasi hana mba?"

Nilikimbia dispansari nikaleta alkoli. Tukasugua. Mafuta mengine yakatoka, mengine yakaingia ndani zaidi, na zile nywele zikashikana vifungu vifungu, nyingine zikakatika. Utapata wapi nywele za farasi Bukavu, siku moja kabla ya feti? Tulikuwa na kipande kimoja tu cha kolofoni, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kikaisha bila kusaidia.

Saa tisa orkesta ikaingia kwa mazoezi ya mwisho. Papa Constantin alichukua upinde, akaupeleka puani.

"Hii ni nazi?" aliuliza.

Charlène akaenda kujificha kwenye kona. Akachukua violoni, akavuta. Upinde ulipita juu ya nyuzi kama kitambaa juu ya meza. Hakuna sauti, hata ya kukwaruza. Akavuta tena. Akauweka chini polepole, akakaa kwenye kiti bila kukifuta, na mimi nikaogopa kweli.

"Basi," alisema. "Mayi yakimwagika hayazoleki. Nitaazima klavye, kile kinanda cha koleji. Lucie ataimba na klavye."

Hapo hasira ikanipanda mara ya pili. Dada yangu wameshamutoa, sasa na sisi wote tunatolewa, na ile litania nzuri inapigwa na kifaa chenye kamba ya umeme? Aka! Nilivuta selo yangu katikati ya magoti, nikaanza kuipiga ile litania kwa vidole. Kupiga kwa vidole tunakuita pizikato, na tulikuwa tunakufanya hapa na pale, vipande vidogo kati ya mambo makubwa, ukishika upinde na vidole vingine. Mutu akikuona unapumzika, ndiyo pizikato. Mimi nilidonoa kwa nguvu zote, kwa kucha, na nyuzi zilipiga ubao, pa! pa! pa! kama mutu anaua mende kwa kiatu.

"Lydie! Unachinja!" akasema Papa Constantin.

"Niache nichinje! Pinde hakuna!"

"Hivyo sivyo wanavyodonoa. Lete hapa."

Akavua koti. Ninyi hamumujui Papa Constantin, hamuwezi kushangaa kama tulivyoshangaa. Kwenye mikono ya shati alikuwa na jasho kama watu wote. Alivuta kigoda cha jikoni, akakaa chini, akachukua selo yangu na hakuisimamisha. Aliilaza juu ya mapaja yake, kwa upana, kama unalaza mutoto mwenye homa. Sisi Bashi, watu wa kabila la huku, tulijua palepale ni nini. Hivyo ndivyo wanashika lulanga, ule ubao wa kuchimbwa kama karai, nyuzi zimepita juu yake, wenye wazee wanapiga kwenye ndoa na kwenye vilio. Nikafungua mudomo nimukataze, maana mimi sipendi mutu kugusa selo yangu. Nikaufunga.

Alivuta uzi munene kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha. Aliuvuta kwenda pembeni, si kwenda juu, akauachia.

Mungu wangu.

Mimi ninaijua ile selo, nimeikumbatia miaka mingi kuliko bwana wangu. Sikujua kwamba ile sauti ilikuwa ndani. Ilikuwa mviringo, ya joto, ilitoka kwenye ubao ikaingia kwenye viti vyetu, ikatembea mpaka kwenye vikombe vya kabati. Kidole chake cha mukono wa kushoto kilibaki kimekanyaga uzi, kinatikisika kidogo, na hakikutoka mpaka sauti ilipojimaliza yenyewe. Kisha akavuta mwingine. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote, kutoka munene kwenda mwembamba, polepole, na mwili wangu wote ukasisimuka. Sisi watu wa kelele, sisi wa orkesta yenye haijawahi kuanza kwa saa, tulikaa pale hatupumui.

"Papa Constantin," Willy alisema, na Willy hajawahi kunong'ona maishani mwake, "hii ulijifunzia wapi?"

"Mudaka. Baba yangu alikuwa mutu wa lulanga." Hakuinua macho. "Nilipopata violoni na upinde, nilifikiri nimepanda ngazi. Mutu wa lulanga haimbi kwa nguvu, unajua? Anasema chinichini, na lulanga inamungojea. Tukiwa watoto tulikuwa tunalala pale kwenye majani, tunasikia kila neno."

Akaanza litania. Zile noti zenye sisi tulikuwa tunazivuta ndefu kwa pinde, yeye alizitoa moja moja. Anatoa, anangoja. Anatoa, anangoja. Na ndani ya kule kungoja, toka jikoni, tukasikia:

"Mutakatifu Maria, Mama wa Mungu."

Colombe hakujua kwamba anaimba. Ninaapa. Alikuwa anamenya viazi, nilisikia kisu. Mudomo wake ulijibu wenyewe, vile mutu anajibu hodi. Kile kisauti chembamba chenye pumzi kilipita mulango wa jikoni, kikapita kabati, kikatufikia kizima, kila herufi. Upinde unashika sauti na hauiachi, unajaza fasi yote. Kidole kinatoa na kinaachia, na sauti ikianza kufa, mwenye kuimba anapata fasi ya kuingia. Mimi mupigaji nilikuwa sijui hilo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Papa Constantin alikuwa ameisikia pia. Lakini hakusimama. Alitufanyia ishara na kidevu: pigeni. Tukaweka vidole kwenye nyuzi, mumoja mumoja, tunaogopa kumushtua, kama ndege.

"Mutakatifu Mikaeli," akasema jikoni. "Mutakatifu Yosefu." Kisu kikanyamaza.

Lucie ndiye aliinuka. Aliingia jikoni, akatoka anamuvuta Colombe kwa kiwiko, mikono yake imejaa maganda.

"Papa Constantin," Lucie alisema, "kesho mimi ninaitika 'utuombee' pamoja na watu wengine. Usinitafute mbele."

"Niacheni," Colombe anasema, "nina sufuria kwenye moto."

Papa Constantin alilaza selo chini kwa uangalifu, akasimama, bila koti, mbele ya dada yangu.

"Maman Colombe, nilikuambia sauti yako tunaitafuta. Kelele ilikuwa yetu. Unisamehe."

Colombe alimuangalia sana. Kisha akasema, "Ile noti ya Mutakatifu Yosefu umeichelewesha." Ndiyo hivyo tulijua amesamehe.

Lakini kuelewa si kuweza! Tulibaki na mchana mumoja wa kujifunza. Alitupanga kama watoto wa darasa la kwanza. Wa violoni wakalaza violoni zao kwenye mapaja, wadonoe kwa kidole gumba. Nyama, si ukucha! Pembeni, si juu! Musikaribie kile kibao chenye kinasimamisha nyuzi, pale sauti iko kavu. Njooni huku ambako ubao wa vidole unaishia, huku sauti inanenepa. Na kidole cha kushoto kisiondoke haraka, ukikitoa umeikata shingo. Violoni zinaanza, sauti yao inakufa upesi, selo zinapokea, kontrabasi inafunga mulango. Willy, kila akisahau, vidole vyake vilikimbilia rumba.

"Willy, ni litania," Papa Constantin anasema.

"Watakatifu hawachezi?" Willy anajibu.

Vidole vilivimba. Ngozi yangu ilipasuka, na nilikuwa ninafikiri ngozi yangu ni ya kazi. Mumoja wa violoni alitaka kumuachia mwenzake sehemu yake, Willy akamwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Tulipomaliza, jua lilikuwa bado kwenye ziwa, Charlène alitoka kwenye kona yenye alikuwa amejificha, ameshika kichupa chake. Alichukua mukono wangu, akaanza kupaka mafuta kwenye vidole, kimoja baada ya kingine.

"Na hapa ni kosa?" akauliza.

"Hapa hapana," nikamwambia, na nikacheka, ijapokuwa sikutaka.

Kesho yake kapela ya masere ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Ni kapela ya zamani, sakafu yake ya mbao, na sisi tulikuwa pembeni ya altare juu ya zile mbao. Papa Constantin aliacha kifimbo nyumbani. Alichukua selo ya pili, akakaa katikati yetu, chini, kwenye kigoda changu. Pembeni, Colombe alisimama na kitenge kipya na kitambaa chake shingoni. Mikono yake ilikuwa baridi, niliishika.

Fabiola aliingia. Alifika mbele ya askofu, akasema anataka kuwa wa Mungu mpaka kufa, na akalala chini, kifudifudi, mikono imefunguka, paji la uso kwenye mbao. Mutoto mwenye nilimubeba mugongoni! Alikuwa mudogo pale chini. Alikuwa anangoja.

Tukadonoa. Violoni, selo, kontrabasi. Sauti ikafa. Na dada yangu akaimba.

Mwanzo watu hawakuelewa. Waliitika vile wanaitika sikuzote Bukavu, kwa kifua chote, "UTUOMBEE!", na mumoja nyuma akapiga kigelegele, na ngoma ikajibu. Sauti ya Colombe ilifunikwa kama moto unamwagiwa mayi. Mimi nikawaza, basi, tumekwisha, nyuzi zetu zinangoja lakini watu hawangoji. Colombe alifunga macho akaita mwingine. Na mwingine. Na hapo, sijui nani alianza. Labda mwanamuke mumoja kwenye kiti cha mbele alitaka kusikia akapunguza. Jirani yake akapunguza. Nikasikia ikienda nyuma, kiti kwa kiti, mpaka mulangoni, mpaka madirishani, mpaka kwa wale wa inje wenye hawaoni kitu. Ngoma ikanyamaza. Watoto wakawekwa kwenye matiti. Na wakati Colombe aliita Mutakatifu Paulo, kapela nzima na uwanja mzima wakajibu kwa kunong'ona.

Umeshasikia watu mamia wananong'ona neno moja kwa pamoja? Mimi ni mutu wa misa tangu tumboni, nimeona maaskofu, nimeona mapadri wapya, nimeona Pasaka na moto wake. Sijawahi kuogopa Mungu kama siku ile, na sikuwa ninamuogopa kwa ubaya. Uzi, sauti nyembamba, na ule upepo: utuombee. Uzi, sauti, upepo. Mamere, mukubwa wa masere, mwanamuke wa saa na ratiba, alikuwa analia wazi. Hakuna mutu alikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kisha, kwenye Mutakatifu Teresia, nikasikia sauti inachanika. Nilimuangalia. Alifika Mutakatifu Monika akafungua mudomo, na hakukuja kitu. Akaweka mukono kwenye koo. Midomo ilikuwa inasema, ninaapa midomo ilikuwa inasema, lakini hata pumzi hakuna. Aliniangalia mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu chenye sikuwa nacho. Vidole vyangu vilitaka kusimama. Papa Constantin hakusimama. Alivuta uzi, akaachia, na mimi nikafuata, na violoni wakafuata. Nafasi ya jina ikafunguka. Ikapita tupu.

"Utuombee," watu wakanong'ona.

Kwa wakati wake kabisa. Hata wale wa inje. Tukadonoa tena, nafasi ikapita tena, na Colombe akaita kwa midomo tu, na wakaitika tena. Hakuna mutu alicheka, hakuna mutu alikohoa, hakuna mutu aligeuka kuuliza mwenzake kumetokea nini. Lucie alikuwa karibu, angeweza kuchukua. Alibaki na kichwa chini, anaitika na wengine. Mutakatifu baada ya mutakatifu, mpaka wa mwisho, watu walimuitika mutu mwenye hana sauti. Nilikuwa ninapiga na sioni nyuzi.

Baada ya misa kulikuwa na vigelegele vya kupasua bati, maana walivizuia mno. Askofu akapiga picha. Colombe hayupo. Nilimukuta jikoni ya masere, nyuma ya sufuria kubwa za sombe, majani ya muhogo, ameshika mwiko, anakoroga chakula cha watu wengine. Alinifanyia ishara na mukono: niache.

Fabiola akaingia, kanzu nyeupe mupya, pete kwenye kidole. Mama yake aligeuka upande.

"Nilikuahidi wote," Colombe alisema. Sauti ilikuwa imerudi kidogo, ya kukwaruza. "Nilikuahidi watakatifu wote, mwanangu. Walinikatikia njiani."

"Maman, wote walifika."

"Aka! Masere wa leo asubuhi, umeshaanza uongo? Tangu Monika sikutoa kitu."

"Ninajua," Fabiola akasema. "Nilikuwa na sikio kwenye mbao. Zile nyuzi zilikuwa zinapita chini ya sakafu, zinanifikia kwenye mashavu. Nilisikia nyuzi, nikangoja jina, jina halikuja. Nikasikia watu wote wanaitika. Nikajiuliza, sasa mimi ninaitika nani? Nikaweka jina mwenyewe."

"Jina la nani?"

"Lako. Maman Colombe, utuombee. Kila mara, mpaka mwisho."

Colombe alisimama na mwiko hewani.

"Mimi?" alisema. "Mimi sijakufa, wee mutoto!" Na akamupiga kwenye bega na ule mwiko, juu ya kanzu mupya, ukaacha doa la mawese kubwa kama mukono. Halafu akamuvuta kifuani, na kilio chenye alikuwa amekizuia tangu mwanzo wa juma kikatoka chote, na kilikuwa na sauti. Walikaa hivyo mpaka Mamere mwenyewe alikuja mulangoni kuuliza kama tumemaliza, watu wanangojea masere mupya, na mimi nikamujibu hapana.